Yaya, Ile Tanuri Sikuichoma Peke Yangu

Bunia, kartie Mudzipela
Siku ya mungu, kisha misa

Kwako Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia na mikono miwili, vile mama alitufundisha. Mugongo iko namna gani? Na ile goti ya kushoto, bado inakuambia mvua mbele ya redio kusema? Mbuzi mwenye madoa alisha kuzala? Na kahawa ya nyuma ya nyumba, mulivuna, ao wezi walivuna mbele yenu? Siye huku tuko. Bibi yangu, mama ya watoto, iko na nguvu, watoto wanakula mpaka sufuria inalalamika, na mimi mwenyewe, kama unataka kujua, sura yangu imekuwa nzuri kupita mwaka ilipita. Si mimi nasema. Ni wamama wa soko.

Najua utashangaa kuona karatasi, mutu ambaye iko na telefone mbili. Ni sababu yako, Yaya. Kwa telefone unanikataka. Nikianza kukuelezea vile nilipandisha samaki kutoka Kasenyi, kapiteni moja, kichwa kikiwa kimesha fika soko ya Mudzipela na mukia bado kwa ziwa, unasema "reseau iko mubaya" na unakata. Karatasi haina mahali pa kukatia. Ukiichoka utaikunja, lakini kesho asubui itakuwa pale pale, na neno yangu ndani.

Barua hii iko na kazi moja: kutoa uongo moja niliingiza kwa sikio yako. Kaa chini kwanza.

Ule mwezi uliniita kwa telefone, nilikuambia nimesha choma matofali ya nyumba, siku tatu na moto, mimi peke yangu, hata mvua ilikuja ikaniona ikarudi. Nilikuwa nangoja unisifu. Nilikuwa nimetayarisha hata jibu ya kujishusha kidogo. Weye ukasema pole pole: "Kambale, mutu anachoma tanuri peke yake, ni kusema hana watu. Mimi mujane nihamie huko, siku nikikufa utanibeba na mugongo yako moja? Niache hapa penye wanajua jina yangu." Ukakata. Na kuanzia siku ile, nikiongea habari ya weye kuja kukaa huku, unaniuliza bei ya chumvi.

Yaya, chumba yako iko. Iko upande wa jua kutoka, na dirisha, na mulango nyembamba kidogo lakini utapita. Kitu inakuzuia si njia na si goti. Ni ule uongo. Basi nisikilize sasa vile mambo ilikuwa kweli, hata penye mimi sipendezi.

Nianze na kura. Huku tuko na shirika yetu, nyumba kumi na tano za njia yetu. Kila siku ya tano ya juma, saa kumi, tunakutana kwa nyumba ya mumoja wetu, kwa zamu. Tunasoma somo, tunasali, kisha kila mutu anasema shida yake na wengine wanaona watafanya nini. Mwaka jana ilikuwa lazima tuchague muongozi mupya. Sasa weye unajua sauti yangu. Nikiitikia kwa misa, kengele inaona haya. Mutu mwenye sauti vile, anashuka ziwani na kupanda ile milima na muzigo, anajulikana mpaka kwa shefu wa kartie, nani mwingine? Nilishona koti.

Kura ilikuwa vikaratasi ndani ya kikapu. Mama Zawadi akachaguliwa. Ni mujane, anauzisha sombe, majani ya muhogo, kwa soko, mufupi, anasema kidogo kama mutu anachunga pesa ndani ya kinywa. Alipata kura zote isipokuwa moja. Ile moja ilikuwa yangu, na niliiandika mimi mwenyewe. Mwandiko yangu naijua. Njiani nikamuuliza bibi yangu, "Na weye?"

"Mimi nilichagua mutu anasikilizaka," akasema, na akaendelea kutembea.

Nikaacha kwenda shirika. Sikuacha sala, hapana. Nilikuwa nasali kwangu, na sauti, majirani wote ni mashahidi. Nilisema Mungu hana haja ya viti kumi na tano kwa kunisikia.

Kisha mutoto wa Baba Ruth akalala hospitali. Baba Ruth ni fundi wa mbao, nyumba yake iko ya tatu kutoka kwetu, mutu wa kuchekesha watu, ndiye rafiki yangu wa kwanza nilipofika Bunia. Alinikopesha hata kitanda. Weye unajua hospitali: munganga anatoa dawa, chakula inatoka nyumbani. Shirika ikagawana siku. Siku ya ine ilikuwa ya nyumba yetu. Bibi yangu alikuwa ameenda kwa kilio upande wa Aveba, akaniachia maharagi imesha iva na mboga ndani ya kisahani. Kazi yangu ilikuwa kubeba tu. Mimi nikasema, "Aende Mama Zawadi, si ndiye walichagua." Nikakula yale maharagi. Baba Ruth alishinda ile siku yote pembeni ya kitanda bila kula kitu, na mutoto anaomba uji, na yeye anamuambia, "Iko njiani, Kambale anakuja."

Hii sijaandikia mutu mwingine. Nimeandika ili ujue kitu gani ilikuja nyuma.

Sasa tanuri. Matofali nilipiga mimi na bibi, kiangazi yote, kule chini kwa mutoni. Ukikuta mutu ya kukuambia Kambale hajui matofali, mutu ile haujui udongo. Zilikuwa sawasawa kama meno ya katekista kijana. Nikazipanga tanuri, midomo ine chini ya kuingizia kuni, nikaipakaa matope inje, kuni za kalitusi nikazilundika. Na hapa ndipo nilikosea, Yaya, na ni kosa ya mutu mwenye koti mupya.

Huku kwetu, mutu akitaka kuwasha tanuri, siku ya tano anasimama mbele ya shirika na anasema, "Ndugu zangu, siku ya kwanza nawasha." Basi. Haombi zaidi. Watu wanajua watapokezana kwa midomo ya moto siku tatu, na mwenye tanuri atapika sufuria kubwa. Hakuna nyumba ya matofali kwa njia yetu ilijengwa namna ingine. Kuwasha bila kusema ni kama kuoza mutoto bila kuita wajomba. Mimi nikawasha bila kusema.

Niliwasha asubui, hewa safi, moshi inapanda muzuri. Saa sita wingu ikatoka upande wa ziwa, nyeusi kama sufuria ya matanga. Saa nane mvua ikaanguka, na mawe ndani, kila jiwe kama yai ya kuku. Matope yangu ya inje ikaanza kushuka. Unajua tofali mbichi ikinywa maji: inarudi udongo, na kiangazi yote inarudi mutoni. Nilikuwa na bashi moja, turubai ya kufunika, ilikuwa na matundu. Nilipanda juu ya tanuri, nikajilaza juu ya bashi ili upepo isiibebe. Mimi, mutu muzima, nimelala juu ya matofali kama kuku juu ya mayai.

Bibi yangu akasema kutoka chini, "Niende niite watu?"

"Usiite mutu hata mumoja."

Akafunga kikwembe yake kwa kiuno. "Mutu mumoja sitaita," akasema. "Naenda kuita shirika." Na akapotea ndani ya mvua.

Yaya, wa kwanza kutokea alikuwa Mama Zawadi. Nilimutambua na miguu tu, sababu juu alikuwa amefunikwa na manjanja, ile bati ya paa, ameibeba kwa kichwa, misumari bado inaning'inia. Akasimama chini yangu.

"Baba, shika upande huo."

"Mama Zawadi, hii ni manjanja ya jiko yako."

"Naijua. Ndiye mimi nilipigilia misumari. Shika."

"Na jiko yako?"

"Leo tutakula kwenu."

Nyuma yake watu walikuwa wanashuka kilima, kila mutu na manjanja kwa kichwa. Moja kutoka kizizi ya mbuzi, moja kutoka choo, mbili kutoka duka ya mutu ambaye hata sijamusalimiaka muzuri. Njia yetu yote ilikuwa inajitoa paa ndani ya mvua na inanipelekea. Mimi nimeona vitu mingi. Nimeona mawimbi kule Kasenyi yenye kunyanyua mutumbwi mpaka kwa ndege. Paa zenye kutembea sikuwa nimeona.

Baba Ruth alikuja wa nne, na manjanja mbili na nyundo ndani ya mukaba. Akapanda mpaka kwangu. Tukaangaliana. Maji ilikuwa inapita kwa pua yake.

"Ile sauti yako kubwa," akasema, "ambia mvua itoke."

"Baba Ruth, ile siku ya ine ..."

"Mutoto alipona. Telemuka, leta matope."

"Nataka nikuambie kwanza ..."

"Kambale, ulitaka kuongoza watu. Basi tuongoze. Matope iko wapi?"

Nikatelemuka. Nikakanyaga matope na miguu yote miwili, wanawake wanabeba na mabeseni, wanaume wanapakaa penye ilikuwa imeanguka. Mwingine akaniambia, "Muongozi, ongeza maji." Mwingine, "Muongozi, maji imezidi." Walinicheka mpaka mvua ikaona haya. Saa kumi na moja ya jioni ikakatika. Tukaangalia ndani ya midomo ya tanuri: mitatu ilikuwa imekufa, mumoja ulikuwa bado unapumua. Baba Ruth akachukua makaa kutoka ule mumoja na akagawia ile mingine, na moto ikarudi.

Siku tatu walipokezana, vile desturi iko. Bibi yangu alipika. Mimi sikumuambia mutu asante hata mara moja, sababu kila nikifungua kinywa Baba Ruth alikuwa ananipa ukuni.

Tanuri ilipopoa, nikabeba manjanja kwa kurudishia kila mutu yake. Kwa Mama Zawadi nikaingia jikoni mara ya kwanza. Mafiga matatu ilikuwa inasimama ndani ya dimbwi. Gunia ya unga ya muhogo ilikuwa imefungwa juu ya mulango, na upande mumoja imekuwa rangi ya majani, imeoza. Ilikuwa unga yake ya mwezi muzima. Alikuwa amekula kwetu siku ya mvua, akacheka na watu, hakusema unga. Nilipanda kwa kupigilia manjanja, na nilikaa kule juu muda murefu kupita kazi yenyewe.

"Umelala huko?" akaniuliza.

"Nahesabu misumari."

"Ni sita."

Nilimupelekea gunia yetu. Akakubali nusu, ingine akasema tupeleke kwa mama mwingine wa mwisho wa njia, na mimi ndiye niliibeba.

Sasa uniulize, Yaya: kisha mambo yote haya, namna gani ulinipigia telefone na mimi nikasema nilichoma peke yangu? Najiuliza pia. Kinywa yangu ni kama ng'ombe anajua njia ya kurudi nyumbani. Unamuelekeza mahali pengine, yeye anarudi kwenye amezoea. Nilitaka unione mukubwa. Kisha ulikata, na nikamuelezea bibi yangu maneno yako. Alikuwa anachambua muchele. Hakunitukana.

"Ulimuonyesha nyumba bila watu," akasema. "Nani anahamia nyumba bila watu?"

Siku ya tano nikavaa shati ya kawaida, nikaenda shirika. Ilikuwa kwa Baba Ruth. Somo ya ile siku ilikuwa ya yule mugonjwa alibebwa na wenzake wane, wakakuta mulango imejaa, wakatoboa paa wakamutelemusha mbele ya Bwana. Unaijua. Siku zote nimesikia ile somo, nilikuwa nafikiri ni habari ya mugonjwa na kupona kwake. Mama Zawadi akauliza nani iko na neno. Nikasimama. Walijikaza, sababu wanajua nikisimama jua inaweza kutua.

Nikasema: "Wale wane walitoboa paa ya mutu mwingine. Ninyi mulitoboa paa zenu." Kisha nikasema habari ya maharagi ya siku ya ine, mbele ya wote, Baba Ruth akiangalia vidole vyake. Nikasema na ule uongo nilikuambia weye, na kwamba kwa ule uongo Yaya yangu amekataa kuja, na hakuna siku nimewahi kujisifu kwa hasara kubwa vile. Nikakaa. Ilikuwa hotuba yangu fupi kupita zote tangu ubatizo.

Baba Ruth akasema, "Kumbe ilikuwa maharagi. Mimi nilifikiri ulikula nyama." Watu wakacheka, na mimi pia, na macho yangu ilikuwa na kitu ndani. Kisha akaja kukaa kwa benchi yangu, hapa pembeni, bega kwa bega, vile tulikuwa tunakaaka zamani.

Mama Zawadi ndiye alisema nikuandikie, na nisome barua mbele yao mbele ya kuituma. Nimesoma mpaka hapa. Wamenifutisha vitu. Mvua ya mawe nilikuwa nimeandika yai ya bata, Baba Ruth akakataa, tukapatana kuku. Kapiteni wa Kasenyi nilimutetea na nguvu, wakaniachia.

Yaya, weye ulinilea. Mama alipokufa ulinibeba kwa mugongo mpaka watu wanauliza kama ni mutoto wako. Unajua mimi naongeza. Lakini sikiliza kitu sijaongeza: miaka yote niko huku, nilifikiri Mukristu ni mutu na Mungu wake, na wengine ni wa kujaza viti. Sasa nasema, mutu akisali peke yake Mungu anasikia, ndiyo, lakini nani atamushikia upande ule mwingine wa manjanja? Mungu mwenyewe hakunishikia ile siku na mukono yake. Alituma ya Mama Zawadi, na iko fupi.

Hapa watu kumi wanaongea lugha saba, na wengine wamefika na kikwembe moja tu, wametoka mahali hawataki kutaja. Hakuna mutu alizaliwa penye njia hii. Kila mutu alikuja kuwa wa hapa sababu kuna mwingine alimushikia kitu. Unaniambia kule wanajua jina yako. Ni kweli. Huku wamesha ijua pia. Kila siku ya tano wanaitaja kwa sala, na Mama Zawadi ananiuliza unaimba sauti ya juu ao ya chini. Nikasema ya juu sana, glasi zinapasuka. Akasema nimeanza tena.

Unisalimie Paluku mukubwa wetu, umuambie ile shoka aliniazima ilikata kuni zote za tanuri na bado iko na meno. Unisalimie shemeji Kahindo na pacha zake, wapunguze kupanda miembe. Salamu kwa binamu yetu katekista, namuheshimu, hata kama aliniangushaka kwa mutihani ya komunyo. Kwa mama mukwe umuambie mutoto wake amenenepa na siye ndiyo sababu. Na ukipita kwa kaburi ya bwana yako, umusalimie pale, polepole. Umuambie hatumuachi, kila mwaka tutakurudisha umusafishie.

Mimi ni mudogo yako wa siku zote, mwenye sauti,

Kambale

Sababu unajua kinywa yangu, nimewaomba wenzangu waandike chini yangu na mikono yao, usiseme ni mimi peke yangu tena.

Shemeji, ni mimi bibi yake. Ni kweli yote. Chumba nimesha kipakaa chokaa.

Mama, mimi Baba Ruth. Tanuri tulichoma wote. Yeye alikanyaga matope muzuri sana, kwa hiyo anaweza kujisifu. Kitanda yako nimeianza, mbao ya muvule. Niandikie urefu yako, sababu huyu alisema weye ni murefu kama mulingoti, na mbao haitoshi.

Mama Masika, mimi Zawadi. Uliuliza nani atakuzika. Tutakuzika, siku ikifika. Lakini hatukuiti kwa ile. Siku ya kwanza ya juma tunaenda kulima shamba ya mama mumoja alizala juzi, na kuko jembe moja haina mutu.